Unyumba Si Zamu ya Mke Peke Yake

Jumamosi moja ya kiangazi, katika ua wa nyumba moja ya Katuba, niliketi nyuma ya wageni wengine chini ya turubai, nikisikiliza mawaidha aliyopewa bibi arusi hadharani kabla ya kupelekwa kwa mumewe. Mafundisho ya ndani, yale yasiyosemwa mbele ya wanaume, alikuwa amekwisha kuyapata chumbani siku zilizotangulia, mikononi mwa wale kina mama ambao ndugu zetu wenye asili ya Kibemba huwaita nachimbusa, na ambao kazi yao katika mji wetu wa Lubumbashi hujulikana kwa jina la kisungu. Mama mmoja mtu mzima, mwenye sauti nzuri na heshima nyingi, alisimama akanena kwa Kiswahili chetu cha hapa: "Bibi njo nyumba," yaani mke ndiye nyumba. Kisha akaeleza kwamba moto wa chumbani ni amana ya mke, kwamba shauku ya mume haipoi ila kwa uzembe wa mkewe, na kwamba siku mume atakapotoka nje, mke asiulize alikokwenda, bali ajiulize mwenyewe amepunguza nini. Vigelegele vikapigwa. Bwana arusi alikuwa ameketi pale pale kando ya mwali, miwani ya jua usoni, na katika saa mbili zile halikuelekezwa kwake neno hata moja la mafunzo.

Nilirudi nyumbani moyo ukiwa mzito, kwa kuwa mama yule hakuzua jambo. Rai aliyoinena nimeisikia katika semina za wenye ndoa makanisani, mtaa wa Kenya na Ruashi. Nimeisikia katika vilabu vya Kamalondo, vinywani mwa wanaume wenye chupa mbili mezani. Nimeisikia kwa kaka mkubwa akimnasihi shemeji yake aliyekuwa akilia. Na kwa miaka mingi, kama nitakavyoungama mbele, niliishika mimi mwenyewe. Ni rai iliyoenea kiasi kwamba watu hawaioni tena kuwa ni rai, bali huiona kama tabia ya dunia, mfano wa mvua kuanza kunyesha ikaribiapo Novemba.

Insafu yataka niieleze kwa nguvu zake zote kabla ya kuipinga. Wanaoishika husema, kwanza, kwamba shauku baina ya watu wawili waliokaa pamoja miaka kumi au ishirini ni kama jiko la makala, yaani makaa, ambalo lisipopepewa hugeuka jivu, na kwamba ni lazima awepo mtu wa kulipepea. Husema, pili, kwamba mama zetu walirithishana elimu ya mwili wakati ambapo shule na misheni zilifunga midomo, na kwamba elimu ile ilimpa msichana maneno ya kutaja viungo vyake bila haya, pamoja na ushirika wa wanawake wakubwa ambao angeweza kuwaendea siku ya dhiki. Husema, tatu, kwamba katika mji ambao riziki yake haina yakini, mwanamke aliyeachwa na watoto watano hupoteza paa, na kumfundisha kumshika mumewe ni kumhurumia, si kumdharau. Hujja hizi si nyepesi. Ya kwanza naikubali moja kwa moja: shauku hutunzwa, haijitunzi. Ya pili nairudishia heshima yake. Ya tatu hunitia huzuni kila niikumbukapo, maana ni kweli. Ugomvi wangu ni juu ya yule aliyekabidhiwa kipepeo, na juu ya bei anayolipa; basi nitayapima madai ya rai hii moja baada ya jingine.

1. Kwamba moto huu una mlinzi mmoja

Katika kila jambo jingine la nyumba, mume wa Kikongo ameitwa mkuu. Sheria ya jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987 ilimtaja kuwa kiongozi wa nyumba, ikamtaka mke amtii, na ikamzuia mke kujifunga kwa mkataba wa kazi bila idhini ya mumewe. Ilitupasa kungoja hadi sheria ya Julai 2016 ndipo idhini ile ikaondolewa. Sheria hiyo hiyo ya 1987 ilipofika kwenye uzinzi ilimwadhibu mke kwa kila hali, lakini mume ilimwadhibu pale tu uzinzi wake ulipozungukwa na mambo ya kuufanya kuwa tusi kubwa kwa mkewe. Haya yaliandikwa na wanasheria, yakatiwa sahihi, yakasomwa mahakamani kwa karibu miaka 30.

Sasa tuyaweke kando ya mawaidha ya Katuba. Mtu huyu aliye mkuu wa mali, mkuu wa watoto, mkuu wa makazi, ambaye saini yake ilihitajika hata mkewe apate kazi, akiisha kuingia chumbani na kufunga mlango huwa ghafula si mkuu wa chochote. Huwa mgeni wa kukirimiwa, au mtoto wa kubembelezwa. Na kama moto umezimika, haulizwi aliuwekea nini. Mwanamke, aliyenyimwa uamuzi katika mambo yote ya mchana, hupewa dhima yote ya usiku. Haiwezekani mambo haya mawili yawe kweli kwa pamoja. Ama mume ni mtu mzima mwenye akili na hiari, basi na hali ya kitanda chake ni juu yake kama ilivyo hali ya paa lake. Ama si mtu mzima, na hapo tumempa ukuu wa nyumba kwa dhuluma.

Wachungaji wa semina hupenda kumtaja mtume Paulo, na mara nyingi nimesikia wakisoma nusu tu ya maneno yake. Katika sura ya saba ya waraka wa kwanza kwa Wakorintho, deni linalotajwa mwanzo ni la mume kwa mkewe, na baada ya kusemwa kwamba mke hana amri juu ya mwili wake, husemwa papo hapo kwamba mume naye hana amri juu ya mwili wake mwenyewe. Ndugu zetu Waislamu nao wana Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ambaye katika sehemu ya adabu za ndoa ndani ya kitabu chake kikubwa, Ihya, anamuonya mume asimjie mkewe pasipo maneno na mabusu ya kutangulia, na akiisha kupata haja yake angoje hadi mkewe naye aipate yake. Miaka zaidi ya 900 imepita tangu hayo kuandikwa. Katika harusi zote nilizohudhuria mjini hapa sijamsikia mzee mmoja akisimama kumwambia bwana arusi: ngoja.

Mtu ataniambia kwamba wavulana nao wana jando lao, na kwamba upande wa magharibi, kwa Walunda na Wachokwe, mukanda ungali hai. Nakiri. Lakini mukanda humfunza mvulana ujasiri, uvumilivu wa maumivu na siri za wanaume. Na kule pwani, Unguja na Mrima, ambako kungwi hukaa na mwari siku nyingi akimfunda, sijapata kusikia kuwa kijana wa kiume hukalishwa muda kama huo afundishwe namna ya kuutambua uchovu usoni mwa mwanamke.

2. Kwamba ndivyo wazee walivyotuachia

Hapa ndipo mahali ninapotaka kukaa zaidi, kwa kuwa neno "mila" hutumika kufunga mlango ambao wazee wenyewe hawakuufunga.

Kisungu ni kikubwa kwa umri kuliko mji huu, ambao ulizaliwa mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville; katika hilo sina neno. Walakini mwenye kusikiliza vizuri mawaidha ya leo atatambua ndani yake sauti mbili zilizochanganyika, ya bibi zetu na ya kampuni. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, iliajiri kwanza wanaume peke yao, waliotoka mbali, wakakaa kambini miezi michache, kisha wakafa kwa maradhi, wakatoroka, au wakarudi makwao. Katika miaka ya 1920 wakuu wake walipiga hesabu wakaona kwamba mfanyakazi anayekaa na mkewe hudumu kazini, hula vizuri zaidi, hunywa kidogo, na huzaa wafanyakazi wa kesho. Ndipo wakaanza siasa ya kuwatuliza watu makambini kwa mikataba ya miaka mitatu, nyumba za wenye ndoa, posho iliyopimwa kwa mke na idadi ya watoto, zahanati za wajawazito, shule, na vituo vya jamii ambamo mke alifundishwa kushona, kupika na kutunza nyumba kama walivyotaka wazungu wa kampuni.

Itazameni nafasi ya mke katika hesabu ile. Hakuletwa kambini kwa kuwa alitamaniwa, wala kwa kuwa yeye alimtamani mtu. Aliletwa ili mume asiondoke. Alikuwa nanga iliyotupwa ili merikebu ya kampuni isichukuliwe na maji, na nanga haiulizwi kama chini kuna baridi. Siku tunapomwambia bibi arusi kwamba kazi yake ya kwanza ni kumzuia mume asitoke, tunamkabidhi kazi ile ile ambayo bibi yake alipewa na karani wa kambi. Na tofauti moja iliyopo ni kwamba bibi yake, kila posho ilipogawiwa, alipimiwa unga kwa ajili yake.

Urithi wetu una upande mwingine, ambao wapenda mila hawautaji. Katika makambi hayo hayo ya shaba, huko Kolwezi, mwaka 1953, padri Mfransisko kutoka Ubelgiji, Placide Tempels, ambaye kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu kilichapwa hapa Elisabethville mwaka 1945, alikaa na wachimbaji na wake zao, akawauliza ni nini hasa wanachokitamani katika maisha yao. Likazaliwa kundi lililoitwa Jamaa, na fikira zake zikawekwa katika maneno matatu ya Kiswahili: uzima, uzazi na mapendo. Wenye ndoa waliingia humo mume na mke pamoja, hatua kwa hatua. Na katika mafunzo yale mume alitakiwa amfungulie mkewe mawazo yake, hata ndoto zake za usiku, na mke amfungulie yeye vivyo hivyo. Kundi lilikuwa na taksiri zake, maaskofu wakalitilia shaka, likagawanyika, na Tempels mwenyewe akarudi Ubelgiji mwaka 1962. Silisifu wala silitetei. Nasema hivi tu: wachimba shaba wa Katanga, watu wa zamu na vumbi, walipopewa nafasi ya kufikiri wenyewe kwa lugha yao juu ya kile kinachowaunganisha na wake zao, hawakusema kwamba mke ndiye anayepaswa kuulinda moto. Walisema kwamba mume azungumze. Huo nao ni urithi, tena ulioandikwa kwa Kiswahili, nao una haki ya kutajwa chini ya turubai za Katuba sawa na ule mwingine.

3. Kwamba dawa ndiyo ufunguo

Juu ya hili sitakawia. Katika masoko yetu huuzwa unga wa mizizi, majani makavu na shabu, ambavyo mwanamke huambiwa avitumie ili akaushe uke wake na kuubana, mume apate kumwona mpya kila usiku. Na desturi hii si ya Katanga peke yake, iko Zambia na iko kwingineko. Matokeo yake yanajulikana na kila muuguzi: ngozi laini huchubuka, tendo huwa maumivu, na kila mchubuko ni mlango uliofunguliwa kwa virusi vya UKIMWI na maradhi mengine. Ikiwa dawa ya kulinda shauku humfanya mmoja wa wawili wale aume meno mpaka mambo yaishe, basi ni shauku ya nani iliyolindwa?

Wanaume nao wana vidonge vyao. Tangu sildenafili ilipoidhinishwa Marekani mwaka 1998, tembe hizo zimesambaa duniani mpaka zikafika kwenye sinia za wachuuzi wetu wa njiani, zikauzwa bila cheti cha daktari kwa wazee wenye maradhi ya moyo. Na mtu anayetumia dawa za moyo za aina ya nitrati akizichanganya na hizo, msukumo wa damu yake waweza kushuka hadi kumwua. Niliwahi kumwuliza mzee mmoja kwa nini asimwambie mkewe tu kwamba mwili wake umebadilika. Alinitazama kana kwamba nimemtaka avue nguo barabarani. Alikuwa tayari kuhatarisha moyo wake, lakini hakuwa tayari kusema sentensi moja.

4. Kwamba biro ya pili ni hukumu juu ya biro ya kwanza

Nchini kwetu mwanamke wa nje huitwa biro ya pili, na huchukuliwa kuwa ushahidi: kama ipo ya pili, basi ya kwanza haikufanya kazi. Nataka tulipime dai hili kwa historia ya mji wetu, kwa kuwa mji wetu ulifanyiwa majaribio makubwa kuliko ambayo mtu yeyote angethubutu kuyapanga.

Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 mshahara wa Gécamines, kampuni iliyorithi migodi ya Union Minière, ulikuwa mshahara. Ndiyo miaka ambayo biro za pili zilistawi, na waliokuwa nazo walikuwa makarani, wasimamizi na wakubwa wa idara, watu wenye fedha na gari la kuegesha gizani. Ndiyo miaka pia ambayo katika sebule nyingi za Lubumbashi ilitundikwa picha ya mamba muntu, yule mwanamke wa majini mwenye mkia wa samaki na nywele ndefu, ambaye humpa mwanamume utajiri kwa masharti ya siri yenye gharama kubwa. Wachoraji wetu waliichora mara nyingi mno. Nikiwa kijana niliiona nyumbani kwa baba mdogo, juu ya kiti alichokalia mkewe kila jioni, akichambua majani ya sombe. Na hata leo siwezi kuikumbuka bila ya kuona uso wa mama yule chini yake. Tamaa ilikuwa imechorwa kama kitu cha nje, cha maji, cha fedha, na mke aliketishwa chini yake kama mlinzi wa kile ambacho picha ilimwambia hakimo ndani.

Kisha mambo yakaanguka. Mgodi wa Kamoto ulibomoka mwaka 1990, na shaba ya Gécamines, iliyokuwa zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ikashuka chini ya tani 50,000 mwaka 1993. Mishahara ikakaa miezi bila kulipwa. Na mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondolewa kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa chuo kikuu chetu aliandika juu ya familia hizi kitabu ambacho jina lake huwataja wana wa Shaba walioachwa na baba yao, na baba huyo ni kampuni. Wanaume wengi niliowajua walizifunga biro zao za pili katika miaka ile. Je, wake zao walikuwa wamejifunza jambo jipya usiku? La. Fedha zilikuwa zimekwisha.

Na ndani ya nyumba kulitokea nini? Mke ndiye aliyetoka. Aliuza unga wa bukari, yaani ugali, kwa vikombe, akauza makala kwa mafungu, akapanda malori kwenda Kasumbalesa mpakani kutafuta bidhaa, akarudi usiku miguu imevimba, akalisha watu wanane. Kitandani kulikuwa na kimya. Nilizungumza na wengi waliokuwa katika kimya kile, wanaume wenzangu, na hakuna aliyeniambia kwamba mkewe alikuwa amesahau mafundisho ya kisungu. Waliniambia, wale waliodiriki kusema, kwamba waliona haya kumgusa mtu aliyewalisha. Shauku iliuawa na aibu ya mmoja na uchovu wa mwingine. Lakini mtaa ulipotafuta wa kulaumiwa ulimrudia yule yule: sasa akaambiwa kwamba fedha zimemfanya mwanamume, ndiyo maana mumewe hamtaki. Alipokuwa hana kitu, aliambiwa amepoteza mume kwa kuwa hana la kumvuta. Alipokuwa na kitu, akaambiwa amempoteza kwa kuwa anacho. Rai inayoweza kumhukumu mtu mmoja kwa ushahidi wa namna mbili zinazopingana haikutafuta ushahidi tangu mwanzo.

5. Kwamba mke mwema hakatai

Hapa ndipo kitovu cha jambo, nami nitasema kwa uwazi kadiri adabu inavyoruhusu.

Tumeamini kwamba mke asiyekataa kamwe ndiye anayeweka shauku hai. Tuanze na mambo ya mwili, ambayo hayana siri. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2013 hadi 2014 ulionyesha kwamba mwanamke wa Kongo, kwa wastani, alikuwa akizaa watoto 6.6 katika maisha yake, na kwamba wake wanaotumia njia za kisasa za uzazi wa mpango walikuwa hawafiki 10 katika kila 100. Kwa mwanamke wa hesabu hii, usiku wowote waweza kuwa mimba ya saba. Atalitamani vipi tendo ambalo kila mara huja na swali la kama safari hii atapona? Tena huyo hulala katika nyumba ya vyumba viwili kwenye kiwanja cha wapangaji watatu, watoto wakiwa nyuma ya pazia, na huamka saa kumi ili awashe makala kabla umeme haujakatwa. Mawaidha hayataji pazia. Hayataji saa kumi. Humtaka tu asikatae.

Kutii na kutamani ni vitu viwili, na kimoja kikizoewa sana hukila kingine. Mtu akiambiwa kwamba lazima ale kila sahani anayowekewa, baada ya miaka michache hatajua tena njaa yake ina sura gani. Ndivyo ilivyo kwa mke ambaye ridhaa yake haikuulizwa hata mara moja: hata siku anapotaka kwa moyo wake, hakuna anayeweza kuitambua siku hiyo kati ya nyingine, si mumewe, wala yeye mwenyewe. Mume naye hupoteza jambo kubwa, ingawa hajui. Hupoteza kupendelewa. Hulala miaka ishirini kando ya mtu ambaye hakuwa na ruhusa ya kusema hapana, kwa hiyo ndiyo yake haikumfikia kamwe; na pengine wengi wetu, tunapokwenda nje kwa fedha zetu, huwa tunatafuta kwa njia ya haramu na ya upumbavu kule kuchaguliwa ambako tulikuzuia wenyewe nyumbani.

Niliahidi kuungama. Mimi na mke wangu tulioana katika mji huu, kwa mahari yaliyotimizwa na baraka za pande zote mbili, naye alikuwa amefundwa vizuri. Katika mwaka wa kumi na tisa nilimlalamikia usiku mmoja kwamba amekuwa baridi. Nilitumia maneno yale yale niliyoyasikia kwa wengine, kwamba mwanamke ndiye nyumba. Alikaa kimya kwa muda mrefu, nikadhani amelala. Kisha akasema, kwa upole ambao ulinichoma kuliko hasira: "Baba watoto, mimi sijakukataa hata siku moja. Ndiyo maana sijui kama nimewahi kukutaka."

Sikuwa na jawabu. Nilikwenda kazini asubuhi nikiwa kama mtu aliyeambiwa kwamba nyumba aliyoijenga kwa miaka kumi na tisa haina msingi. Niliporudi nilimwomba radhi, maneno machache tu, kwa kuwa sikujua mengi. Tukaafikiana kwamba tangu siku ile yeye ana haki ya kusema hapana pasipo kutoa sababu, na kwamba mimi sitanuna, sitahesabu, wala sitapeleka shauri kwa ndugu. Nikaanza pia kuamka saa kumi kuwasha makala, jambo ambalo jirani walilicheka. Alikataa juma la kwanza. Alikataa mwezi wa kwanza. Alikataa msimu mzima wa baridi, na kuna usiku nilidhani nimeharibu kilichokuwa kimebaki, nikawakumbuka wazee waliosema kwamba mwanamke akipewa uhuru huo hatarudi. Jioni tulikuwa tukikaa nje baada ya bukari, na kwa kuwa hapakuwa tena na deni la kungojewa usiku, tukaanza kuzungumza. Alinisimulia mambo ya sokoni ambayo sikuwahi kuyauliza, habari za mama yake, na hofu aliyokuwa nayo alipomzaa mtoto wetu wa nne, ambayo nilikuwa siijui ingawa nilikuwa nimesimama nje ya mlango ule ule.

Ilikuwa mwezi wa Machi, umeme umekatika, mvua ikipiga mabati kwa kishindo hata mtu asingeweza kusikia pumzi yake, na watoto wamelala kwa shangazi yao. Nilikuwa nimegeukia ukutani. Alinyosha mkono gizani, akashika kidole changu kimoja, akakivuta. Tangu usiku ule amenikataa mara nyingi, nami nimemkataa mara kadha, na asubuhi zake tumekunywa chai pamoja.